Jongoo Mwenye Alama ya Chokaa

Kaburi la Mzee Okelo lilikuwa halijafika kina cha kiuno jembe lilipomfukua jongoo. Alikuwa mkubwa, mweusi, mrefu kuliko kiganja cha mtu mzima, na vijana waliokuwa wakichimba, wenye mabega ya kubebea magunia ya sukari, waliruka nje ya shimo kama waliomwagiwa maji ya moto. Mmoja aliinua koleo amponde. Nikasema "Wacha!" kwa sauti yangu ya darasani, na koleo likabaki hewani. Nilishuka shimoni na gauni langu la matanga, nikamwokota. Alijiviringa kiganjani mwangu, akatoa yale maji yake ya rangi ya kutu, na ile harufu ya dawa ya vidonda ikanipanda puani. "Mwalimu, kwani wewe huogopi hii kitu?" kijana mwenye koleo aliniuliza. "Hiyo mkono ndio itatupikia leo?" alidakia mama mmoja aliyekuwa akichagua mchele, na watu wakaangua kicheko, maana hata matangani watu hucheka. Nami nilicheka. Kisha nilizunguka nyuma ya nyumba na jongoo wangu, nikasimama mbele ya bani, na machozi ambayo hayakuja siku nilipopigiwa simu ya msiba yakaja pale, mengi, bila kuniomba ruhusa.

Bani ndilo jina tulilolipa jengo la kukaushia tumbaku. Huku Uriri, upande wa Migori, maboma mengi yaliyowahi kulima tumbaku yana lake: kuta za matofali zilizokwenda juu, hakuna dirisha, mlango mmoja wa kuinamia. La Mzee Okelo limesimama hadi leo ingawa tumbaku iliisha zamani, kampuni ilipoacha kuja kununua na watu wakageukia miwa. Sasa vijana wanataka kulibomoa wapate matofali ya choo. Siwazuii. Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na minane nililipenda kuliko chumba chochote cha boma lile, kwa sababu lilikuwa baridi hata jua la saa nane lilipokuwa linapasua mawe, na lilinukia vizuri, utamu wa majani makavu na moshi wa zamani. Mtu akiniuliza leo sumu inanukaje, nitamwambia inanukia vizuri.

Mke wa Mzee Okelo alikuwa dada ya baba yangu. Shangazi wa namna hiyo kwetu Wajaluo ni waya, na sikuwahi kumwita jina jingine. Nyumbani kwake tulizungumza Kijaluo. Maneno yao nayaandika hapa kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundisha maisha yangu yote, na pengine kwa kuwa nikiyaandika jinsi yalivyotamkwa sitafika mwisho. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na waya alikuwa amepigwa kiharusi miezi michache kabla. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala. Hospitalini waliwaambia kwamba hisia zinaweza kurudi na zinaweza zisirudi, kwamba mkono uchuliwe, uguswe, usiachwe peke yake. Wakampa dawa za presha, wakamrudisha. Baba alinituma nikakae naye. "Nenda ukamshike shangazi yako mkono," alisema, na mimi nilidhani ni namna tu ya kusema.

Chumba chake kilikuwa na kitanda cha mbao, meza yenye kitambaa cha kushonwa, na dirisha lililotazama bani. Nilimlisha kwa kijiko, uji wa wimbi asubuhi, mchana ugali laini na mlenda unaoteleza, kwa sababu kumeza kulimpa shida na omena, wale dagaa wa ziwa letu, zilimkwama. Alikuwa mtu wa kupenda omena. Kila nilipozikaanga alisema kutoka kitandani, "Naona leo mnanila nyama mbele ya macho yangu," na mimi nilifunga mlango wa jikoni harufu isimfikie, na harufu ilimfikia. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamsugua mkono kwa mafuta. Mkono ule ulikuwa mzito na wa joto. Nilikuwa naufinya kwa siri nikimtazama usoni, naye alikuwa anaendelea kuongea habari za kwaya.

Majongoo waliingia maishani mwetu kwa sababu ya Chacha. Chacha alikuwa Mkuria mnene mwenye pikipiki, aliyekodi chumba Homa Bay nyuma ya saluni, akinunua majongoo wakubwa kutoka vijijini na kuwapeleka Nairobi, na kutoka Nairobi, alisema, walipanda ndege. Mvua za vuli zilipokuwa zinanyesha alifika bomani, na kwa kuwa hakujua Kijaluo, yeye na Mzee Okelo walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na cha kwake. Nilikuwa nafua karibu nao. Chacha alieleza kwamba kuna wazungu wanaofuga jongoo ndani ya nyumba, katika sanduku la kioo, wakimpa matango na kumwita jina.

"Wanafuga ipate nini?" Mzee aliuliza. "Iko na maziwa?"

"Hapana, mzee."

"Inalinda boma?"

"Haina kazi. Wanaangalia tu."

"Wanaangalia tu!" Mzee Okelo alicheka mpaka akakohoa. "Na wewe unalipa mtu kwa hiyo?"

Chacha alilipa, na Mzee hakucheka tena. Tumbaku ilikuwa imekufa, miwa ilikuwa haijakomaa, na msituni kando ya kijito majongoo walikuwa wakitambaa kama hawana mwenyewe. Alijifunza kuwafuga kwa jinsi alivyojifunza kila kitu, kwa ubishi. Beseni la plastiki, udongo wa msituni, majani yaliyooza, kipande cha gogo bovu, maganda ya mayai yaliyosagwa, maji ya kunyunyiza kwa vidole. Chacha alimwonya asiwafukue wakijichimbia, kwa sababu wanabadilisha ngozi na wakati huo ni laini. Mzee alinipitishia onyo hilo kwa uso mzito utadhani ni mimi niliyekuwa na tabia ya kufukua watu wakivaa nguo.

Mmoja jembe lilimgusa akichimbuliwa. Lilimwachia alama nyeupe kwenye pingili za karibu na mkia, na Chacha alimkataa; wazungu hawataki mwenye kovu. Mzee alimleta chumbani kumwonyesha mkewe, mzaha tu, akamweka juu ya shuka karibu na mkono uliolala. Jongoo alijikunjua, akapapasa kwa vile vipembe vyake, akapanda kifundoni. Miguu yake ilikwenda kwa zamu, mawimbi madogo, na akaupanda mkono ule polepole, akapita kiwiko, akapanda zaidi. Waya alikuwa anatazama mkono wake kama anavyotazamwa mtoto wa jirani. Halafu, karibu na bega, akashtuka. "Hapa!" alisema. "Hapa namsikia! Ananitekenya!" Nilichukua kalamu yangu ya shule nikachora mstari wa buluu pale pale. Mzee Okelo aliutazama mstari ule, akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo kwa muda.

Basi Rateng' akabaki. Hilo ndilo jina ambalo Mzee alimpa, maana yake mweusi, jina ambalo lingemfaa ng'ombe dume. Alikaa kwenye beseni chini ya kitanda, na kila siku baada ya chai nilimwosha waya mkono, nikamweka Rateng' kifundoni, naye waya akatazama juu kwenye mabati asimwone, akingoja. Aliposema "hapa" nilichora. Mistari ilianza kushuka. Sitii chumvi: ilishuka upana wa kidole, kisha upana wa vidole viwili, na mwaka mpya ulipoingia mstari ulikuwa umekaribia nusu ya njia ya kwenda kiwikoni. Mzee Okelo akirudi shambani alikuwa anaingia chumbani na tope miguuni, anautazama mkono kwanza, ndipo anamsalimu mwenye mkono. Mkewe alimkemea kwa hilo. "Siku hizi nimeolewa na fundi wa kupima," alisema, lakini alikuwa ameshaukunja mkono wa gauni mapema ili asisumbuke.

Wanawake wa kanisani walikuja kumwombea kila wiki, na baada ya maombi walihamia barazani na vikombe vyao, wakasahau kwamba paa la mabati lisilo na dari halifichi kitu. Nilikuwa nimeketi kitandani nikimchana nywele tulipomsikia mmoja wao: "Mwanamume mzima anamlaza mke wake na mdudu. Mimi nasema ukweli, ile nyumba ina kitu." Mwingine akasema, "Mumhurumie. Anamchezesha tu, kwani kuna nini tena cha kufanya? Yule haamki." Kitana kilisimama mkononi mwangu. Waya alivuta pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Endelea, hapo nyuma kuna fundo." Lakini alikuwepo pia mmoja wa dhahabu, mchuuzi wa samaki kutoka Mbita aliyewahi kukaa Mombasa, ambaye aliingia na kikapu chake, akamwona Rateng' akipanda, akapiga makofi: "Pwani wanasema mwanamume akiishiwa, jongoo hapandi mtungi. Huyu wako anapanda mpaka begani! Mwambie mzee ajihadhari!" Waya alicheka kwa ile nusu ya mdomo iliyokuwa inacheka, mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili.

Siku hiyo hiyo, mgeni alipoondoka, alinishika kidole kwa mkono wake mzima. "Mimi na huyu Rateng' tunapona pamoja," alisema. "Naye ana kovu. Akiendelea kutembea, nitatembea." Nilimwona Mzee Okelo mlangoni. Alikuwa amesikia. Tangu hapo alimlinda jongoo yule kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona kwa mwanamume, hofu ya mtu aliyekabidhiwa yai akavuke nalo mto.

Kisha jua likaja. Januari kwenda Februari huku kwetu ni kiangazi kinachokausha hata mate, na nyumba ya mabati inakuwa tanuri. Msituni majongoo walizama ardhini, hakuonekana hata mmoja, na Chacha akaacha kupita. Udongo wa beseni ulikuwa unakauka kabla ya saa sita. Rateng' alianza kujichimbia na kukataa mkono. Mzee Okelo alizunguka boma zima akitafuta kivuli, na mwishowe akasema neno ambalo sote tuliliona la busara: bani. Lilikuwa baridi, lenye giza, lenye unyevu kwenye kona. Alilifagia, akaninyanyulia mlango nipitishe beseni la Rateng' na mabeseni mengine yenye majongoo waliobaki. Na kwa kuwa msituni majani yalikuwa makavu, alikusanya yale yaliyooza yenyewe sakafuni mwa bani miaka na miaka, meusi, laini, akawatandikia. "Godoro," alisema, na alifurahi.

Nimelifikiri jambo hili maisha yangu yote. Mzee yule yule, tangu kabla sijazaliwa, alikuwa akiloweka majani ya tumbaku kwenye ndoo na kunyunyizia sukuma wiki yake, na wadudu walikuwa wanaanguka chini. Kila mtu Uriri alifanya hivyo. Hakuna mtoto huku asiyejua kwamba tumbaku inaua wadudu. Ila Rateng' alikuwa hayumo tena katika hesabu ya wadudu. Alikuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani anapewa chumba kizuri.

Hawakufa kwa siku moja. Walilala ubavu, jambo ambalo jongoo mzima halifanyi, miguu ikatetemeka bila kwenda popote. Tuliongeza maji. Tuliongeza majani, yale yale. Mzee alikatakata tango, akalaza vipande mbele ya Rateng' kama anayembembeleza mtoto mwenye homa, akasema, "Kula kidogo, kula kidogo tu." Mimi nilishika kibatari kwa sababu mle ndani hata mchana hamwonekani. Asubuhi moja Mzee alitoka banini akiinama, akasimama wima, na mikono yake ilikuwa imening'inia. Nikajua. Kutoka dirishani waya alipaza sauti, "Rateng' ameamkaje?" Naye Mzee Okelo, ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya hata bei ya kuku, akajibu, "Amelala. Anabadilisha ngozi. Tusimsumbue."

Tulitoka alfajiri iliyofuata, yeye, mimi na jogoo. Jirani alibaki na waya. Fedha nyumbani hazikuwepo, basi Mzee alimfunga miguu jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa anaringa naye, akambana kwapani, na mimi nilibeba kopo la mafuta ya kupikia, ndani yake Rateng', ili tupime urefu. Homa Bay ilikuwa inanuka samaki na joto la ziwa. Wanawake waliokuwa wakianika omena walituuliza kama tunampeleka jogoo sokoni, na Mzee, mtu mkweli aliyemaliza udanganyifu wake wa wiki, akawaambia tunakwenda kununua jongoo. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Wuod mama, ndugu yetu, jongoo?" waliita nyuma yetu. "Subiri mvua, utapewa bure!" Mzee hakugeuka. Alitembea kwa adabu, jogoo kwapani, shingo imenyooka, na mimi nilitaka ardhi ifunguke, na wakati huo huo nilitaka kumpiga ngumi kila aliyecheka.

Chumba cha Chacha kilijaa masanduku ya kioo na mabeseni, na majongoo walikuwa wanatembea mle ndani katikati ya kiangazi, wanono, wanang'aa. Alimtazama jogoo, akanitazama mimi, akafungua kopo, akalinusa.

"Hii udongo mlitoa wapi, mzee?"

"Kwa bani."

"Bani ya tumbaku?"

Nilimwona Mzee Okelo akielewa. Ilianza mdomoni, ikashuka mabegani. Aliketi juu ya gunia bila kukaribishwa, na jogoo alijikwapua akaanza kurukaruka sakafuni na miguu iliyofungwa, na hakuna aliyemshika. "Lakini ata mimi najua," alisema. "Hii kitu mimi najua." Chacha hakumcheka, namshukuru hadi leo. Alimtafutia jongoo mwenye urefu ule ule, akamtia kwenye kopo jipya lenye udongo safi, akamchukua jogoo. "Na ingine ni ya bure, mzee, kama unataka mbili." Mzee akatikisa kichwa. "Alikuwa mmoja," alisema.

Tatizo lilikuwa kovu. Nyuma ya bani, kabla ya kuingia, Mzee Okelo alichovya njiti ya kiberiti kwenye chokaa iliyobaki ya kupakia nyumba, akampaka yule mgeni pingili za karibu na mkia. Alipuliza ikauke. Kisha tukaingia, na Mzee akasema kwa sauti ya sherehe, "Amemaliza kubadilisha ngozi!" Waya alifurahi. Alitazama juu kwenye mabati, akangoja, jongoo akapanda. Alingoja sana. Aliposema "hapa," ilikuwa begani tena, palepale tulipoanza. Mzee alisema ni kwa sababu ngozi mpya ni laini, haikwaruzi.

Alipotoka kwenda kunawa, waya aliinua mkono wake mzima na kunionyesha vidole. Vilikuwa na unga mweupe. Alivisugua pamoja, akavinusa. "Huyu ni mgeni," aliniambia. Nilifungua mdomo, akaniwekea kidole kile kile cha chokaa juu ya midomo. "Nyathina, mtoto wangu, usimwambie Mzee kwamba nimejua. Amekwenda hadi Homa Bay na jogoo wake. Mwache." Hakulia. Alimtazama jongoo akizunguka begani. "Karibu, Wendo," akamwambia. Wendo ni mgeni. Mbele ya mumewe aliendelea kumwita Rateng', na tulipokuwa wawili alimwita Wendo, na mimi nilijifunza kubadilisha jina mlango unapolia.

Nilikuwa na umri wa kutaka kupendana na mtu, nikaishia kutunza siri ya wazee wawili waliokuwa wanapendana. Kila asubuhi Mzee alimnyatia jongoo na njiti yake ya chokaa. Kila asubuhi waya alikung'uta shuka. Baada ya Pasaka, mvua zikiwa zimeanza kuja na kusita, niliona alama inafifia; siku ya kwanza, ya pili, na Mzee hakupaka. Waya naye aliona. "Amesahau," alisema. "Ana mambo mengi, analima peke yake. Akija akikuta mkia hauna kitu atapatwa na mshtuko. Mpakie wewe." Nikaenda nyuma ya bani, nikachovya njiti, nikapaka. Nikafanya hivyo kila siku iliyofuata, mapema, kabla Mzee hajaleta chai.

Na kuna mchana mmoja ambao bado unanijia nikiwa katikati ya kusahihisha madaftari. Presha ilikuwa imempanda waya tena wiki ile na maneno yake yalikuwa yanatoka mazito. Mzee Okelo aliketi upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, jongoo kifundoni. Waya alifumba macho. Jongoo hakupanda. Alijiviringa palepale kifundoni, akalala, chokaa yake ikiangalia juu. Tukangoja. Nje nguruwe wa jirani alikuwa anapiga kelele. "Sasa," waya alisema, macho yamefumbwa, "sasa amefika kiwikoni. Namsikia." Nilimtazama Mzee. Alikuwa anamtazama jongoo kifundoni. "Ni kweli," alisema. "Yuko kiwikoni." Akachukua kalamu mkononi mwangu, akachora mstari wa buluu kwenye kiwiko cha mkewe, ulionyooka vizuri kuliko yote niliyochora mimi. Mimi nilikuwa pale, na sikuwa na la kufanya. Nilikuwa naangalia tu.

Waya alifariki mvua kubwa zikinyesha, asubuhi, uji ukiwa kwenye kijiko. Majongoo walikuwa wamejaa kila njia, watoto wakiwaruka wakienda shule. Wanawake waliokuja kusafisha chumba walilitoa beseni na kila kilichomo, wakalimwaga migombani pamoja na kile kipande cha gogo alichopandia Wendo na kitambaa cha meza pia. Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Nilimtafuta Wendo nisimpate, kwa kuwa walikuwapo wengi, na mvua ilikuwa imeshaosha chokaa. Nilikaa na Mzee Okelo hadi mwaka ukaisha, nikimpikia omena ambazo sasa hakukuwa na mtu wa kufungiwa mlango. Hatukuzungumza habari za jongoo. Matokeo yangu yalikuwa yametoka zamani, nikaenda chuo cha ualimu, na maisha yakanichukua.

Kabla ya kuugua kwa mara ya mwisho, Mzee Okelo aliniita. Alikuwa kwenye kitanda kile kile, kwa sababu alikataa kingine. Nilimkuta anatazama mabati. Aliniuliza habari za watoto wangu na shule, halafu akasema, bila kugeuka, "Ile chokaa."

Ahadi ni ahadi, hata aliyeahidiwa akiwa amelala nje chini ya ndizi.

"Baada ya Pasaka mimi niliacha kupaka."

"Ulisahau, Mzee. Ulikuwa na kazi nyingi."

"Sikusahau. Nilichoka kumdanganya mtu ninayelala naye nyumba moja. Nikasema, nitaiacha ifutike. Ataona mkia hauna kitu, ataniuliza, na mimi nitamwambia: nilimuua kwa tumbaku yangu. Maneno nilikuwa nayo. Kila asubuhi naingia na chai, naangalia mkia kwanza. Na kila asubuhi chokaa ni mbichi." Aligeuza kichwa. "Ndipo nikajua kwamba amejua, na kwamba hataki niseme. Ni nani alikuwa anapaka?"

"Ni mimi," nilisema. "Alinituma. Aliogopa utashtuka."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayekubali bei. "Tulikuwa watu wa huruma sana katika nyumba hii," alisema. Kisha: "Nilitaka tu tulie pamoja naye. Mara moja tu."

Hayo ndiyo niliyosimama nayo nyuma ya nyumba siku ya maziko, huku majembe yakiendelea kugonga. Jongoo alichoka kujificha. Alijikunjua kiganjani mwangu, akapapasa, akaanza kupanda. Nikafumba macho. Nilimsikia kifundoni, nikamsikia akipanda, nikamsikia kiwikoni, kila mguu, mpaka begani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.